Je, wajua kwa nini mtoto wa miezi minane anaanza kulia ukitoka tu chumbani?

Mtoto ana miezi minne mitano anabebwa na kila mtu, mgeni akija anampokea na anacheka naye, shangazi yake anakaa naye mchana kutwa na hana shida yoyote, na wewe unasifiwa kabisa kwamba una mtoto mpole. Halafu wa saba unapita, wa nane unaingia, siku moja unanyanyuka kwenda msalani tu, hata hatua kumi hazijafika, unasikia nyuma yako kilio utadhani ameungua. Unarudi mbio, unamkagua mwili mzima, hana kitu. Anakunyooshea mikono, unambeba, ananyamaza. Ukimweka chini na kugeuka, yale yale.

Mimi picha ambayo haijanitoka kichwani ni vidole vinne vidogo vinaingia chini ya mlango wa bafuni, vinapapasa sakafu, na mimi niko ndani na povu la sabuni kichwani namwambia mama yupo, mama yupo hapa hapa, na yeye analia vile vile kama hasikii. Nilioga kwa dakika tatu wiki nzima ile.

Watu nao hawakosi la kusema. Mmoja ataniambia ni meno, mwingine umemdekeza, umemzoesha mikono, mwingine anasema huyo tumbo linamsumbua mpe dawa. Meno kweli huwa yanatoka miezi hiyo hiyo kwahiyo ni rahisi kuyasingizia, lakini jino haliwezi kujua kama mama katoka chumbani au kabaki, na huyu mtoto ananyamaza sekunde ile ile uliyorudi. Jibu ni lingine kabisa na mimi nilipolijua nilimwangalia mwanangu kwa macho mengine: analia kwa sababu akili yake imekua. Kafika mahali ambapo anajua upo hata kama hakuoni.

Tuanzie mbali kidogo, maana mtu atauliza, kwani alikuwa hanijui kabla ya hapo? Alikuwa anakujua tena vizuri sana. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto ambao hawajafikisha hata siku tatu chuchu ya bandia iliyounganishwa na mashine ya kurekodi sauti, mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akibadilisha mwendo anasikia sauti ya mama mwingine. Watoto wakawa wananyonya kwa ule mwendo unaowaletea sauti ya mama zao. Siku tatu hazijatimia jamani! Harufu pia wanaijua, mtoto wa wiki moja ukimwekea vitambaa viwili pembeni ya uso, kimoja kimegusa ziwa la mama yake na kingine ziwa la mama mwingine, kichwa kinaelekea zaidi kwa mama yake. Kwahiyo kukujua anakujua tangu siku za mwanzo kabisa. Kitu ambacho hana bado ni uwezo wa kukushikilia kichwani ukiwa hauko mbele yake.

Hapa ndo anapoingia Jean Piaget, mtaalamu wa akili za watoto kutoka Uswisi, ambaye alikuwa anawaangalia watoto wake mwenyewe watatu nyumbani na kuandika kila kitu mpaka siku. Binti yake Jacqueline akiwa na miezi 7 na siku 28 alikuwa anataka kumshika bata wa kuchezea aliyekuwa juu ya blanketi. Karibu amkamate, bata akateleza, akaangukia karibu kabisa na mkono wake ila nyuma ya mkunjo wa shuka. Mtoto alimfuata kwa macho, hata mkono alinyoosha, lakini bata alipopotea tu nyuma ya ule mkunjo, basi. Hakutafuta, hakulia, ikawa kama bata hajawahi kuwepo. Piaget akasema kwa mtoto wa umri huo kitu kikitoka machoni kimetoka pia akilini, na kwamba kukitafuta kitu kilichofichwa kunaanza karibu na miezi minane au tisa hivi.

Hii unaweza kuijaribu leo. Mtoto wa miezi mitano mpe kitu anachokipenda, akiwa anakitaka kabisa kifunike na kitambaa mbele ya macho yake. Wengi wanaangalia kitambaa kidogo halafu wanahamia kwenye jambo lingine. Rudia akiwa na miezi tisa, utaona mkono unaenda moja kwa moja, kitambaa kinavutwa, kitu kinachukuliwa, na mara nyingi kuna kacheko hapo. Mimi nilitumia kijiko. Kwa miezi ile kijiko ndo kilikuwa kitu cha thamani kuliko midoli yote.

Niseme ukweli pia kwamba waliokuja baada ya Piaget wameona alama za mapema kuliko alivyosema yeye. Mwaka 1985 Renée Baillargeon na wenzake walionyesha kwamba watoto wa miezi mitano wanakodoa macho muda mrefu zaidi wakionyeshwa jambo lisilowezekana, yaani ubao unaolala chini kabisa na kupita mahali ambapo wao waliona kuna boksi nyuma yake. Maana yake kuna kitu kichwani kinasema boksi si lilikuwepo pale? Kwahiyo huu ujuzi hauji siku moja kama taa inavyowashwa, unaanza kwenye macho, unakuja kwenye mikono, na karibu na miezi minane unakuwa na nguvu ya kutosha kumliza.

Sasa kwa nini alie? Si afurahi kwamba mama yupo? Hebu jiweke pale sakafuni. Jana mama ukitoka chumbani, kwake ulikuwa umeisha, hakuna cha kukusubiri. Leo anajua upo, upo mahali, na hapo alipo haupo. Ila kitu ambacho hana kabisa ni muda. Hajui dakika mbili ni nini, hajui "narudi sasa hivi" inamaanisha nini, hajui kwamba msalani watu wanarudi na safari watu wanachelewa, kwake yeye kutoka ni kutoka tu. Anajua nusu ya jambo, nusu ya pili ambayo ni kwamba mama akitoka hurudi, hiyo bado anajifunza na anaijifunza kwa kuiona ikitokea mara mia na mia nyingine. Mimi nikiwaza hivyo kilio kile hakinikeri tena, kinanigusa.

Na angalia kinakuja wakati gani, wakati ule ule anaanza kutambaa. Kwenye vipimo vya Shirika la Afya Duniani vilivyotolewa 2006, baada ya kufuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, kutambaa kwa mikono na magoti kulionekana kuanzia miezi 5.2 mpaka 13.5, na kutembea mwenyewe kuanzia miezi 8.2 mpaka 17.6, na kuna watoto kama 4 kati ya 100 ambao hawakutambaa hivyo kabisa na bado walitembea vizuri (kwahiyo mama ambaye jirani kakuambia mtoto wake alitembea na miezi tisa, tulia, hata wa mwaka na miezi mitano bado yuko ndani ya mstari). Kiumbe ambaye jana ukimweka hapa unamkuta hapa, leo anaweza kwenda mwenyewe mpaka kwenye ngazi. Hofu ya kuachwa mbali inamjia pamoja na uwezo wa kwenda mbali, na ukimwangalia vizuri utaona vinavyofanya kazi: anatambaa mita mbili, anageuka kukutazama, anaendelea, anageuka tena.

Huo mtindo wa kwenda na kugeuka aliuandika mtaalamu wa saikolojia Mary Ainsworth akiwa Uganda, miaka ya 1954 na 1955, alipokuwa anatembelea akina mama na watoto wao majumbani kwenye vijiji vya karibu na Kampala. Aliona mama anakuwa kama kituo, mtoto anaondoka kwenda kupekuapekua dunia na anarudi kituoni, na mama akinyanyuka kuondoka mtoto anaacha kila kitu alichokuwa anafanya. Vipimo vingi vinavyotumika mpaka leo kuangalia uhusiano wa mama na mtoto vina mizizi kule. Na mtafiti mwingine, Jerome Kagan, alipolinganisha watoto wa Marekani, vijiji vya Guatemala, kibbutz za Israeli (vijiji vya ujamaa ambako watoto walilelewa pamoja na walezi) na jamii za wawindaji wa jangwa la Kalahari, mchoro ulikuwa unafanana: kilio cha kuachwa ni kidogo kabla ya miezi saba hivi, kinapanda mpaka mwaka na kidogo, halafu kinashuka. Sasa watoto wanaolelewa kwa namna tofauti hivyo, wengine na mama tu, wengine na walezi wengi, wote wanalia miezi ile ile, hiyo kesi ya kudekeza inasimama wapi? Mwenye kumwambia mama mchanga kwamba kaharibu mtoto kwa kumbeba anamuumiza bure.

Kuogopa wageni nako ni ndugu yake huyo huyo. Bibi aliyekuja akampakata akiwa na miezi minne, akirudi miezi mitano baadaye anapokelewa kwa kilio na bibi wa watu anaumia. Mwambieni hajachukiwa. Mtoto sasa anaweza kuilinganisha sura iliyopo mbele yake na zile alizozihifadhi, na hii hakuikuta. Bibi akae pembeni kwanza, aongee na mama, asimkazie mtoto macho, ashike kitu cha kuchezea mkononi, mara nyingi mtoto mwenyewe atasogea.

Usiku pia. Mtoto aliyekuwa analala vizuri anaanza tena kuamka saa nane za usiku na kuita, na mzazi anadhani amerudi nyuma. Anaamka kidogo kama binadamu wote tunavyoamka usiku, zamani alikuwa anarudi kulala, sasa akifumbua macho anakumbuka kuna mtu na huyo mtu hamuoni. Sauti na mkono mgongoni mara nyingi vinatosha.

Jambo moja ambalo nalisema kwa uchungu ni hili la kutoroka. Wengi tunafundishwa hivyo, mtoto akizubaa na kitu wewe pita kimya kimya uondoke. Nilifanya siku mbili mfululizo, kweli sikusikia kilio nikiwa natoka, ila nilichokikuta baadaye ni mtoto asiyecheza tena. Anashika kitu huku ananitazama, nikisogeza tu mguu anadondosha kila kitu na kunikamata nguo. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mama anaweza kupotea muda wowote bila dalili, kwahiyo asizubae. Nikaacha. Nikawa nambusu, nasema baibai mama anarudi, maneno yale yale kila siku, napunga mkono, natoka na sirudi kuchungulia. Alilia. Lakini shangazi yake akawa ananiambia baada ya muda mfupi ananyamaza, na baada ya wiki kadhaa kucheza kukarudi.

Uso wako wakati wa kuaga pia unasomwa. Kuna jaribio la mwaka 1985 la James Sorce na wenzake, waliweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo ambacho kwa chini kinaonekana kama kuna shimo fupi, mama yuko upande wa pili. Mama akionyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama akionyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Kwahiyo ukiaga huku machozi yanakulenga, naye anaelewa kuna hatari.

Na ule mchezo wa kujiziba uso kwa mikono halafu unaibuka, hiyo ni shule kabisa. Mama hayupo, mama huyu hapa. Somo ni lile lile linalomliza mlangoni, ila hapa linachukua sekunde mbili na linaisha kwa kicheko. Ongeza polepole, jifiche nyuma ya pazia, halafu nyuma ya mlango huku unaongea, halafu bila kuongea kidogo.

Ikifika miezi tisa mtoto hakutazami usoni, haitikii jina lake, hajali kabisa nani yupo na nani katoka, au kuna kitu alikuwa anakiweza na amekiacha, mpeleke kliniki wamwangalie, usisubiri. Kilio chenyewe kwa wengi kinapungua taratibu baada ya mwaka na nusu, na kwa wengi mpaka miaka mitatu kimeshapita.

Wangu sasa ana miezi kumi na moja. Kila siku natokea mlango wa mbele, juzi nikapitia wa jikoni. Nikamwita nikiwa nyuma yake kabisa. Alisikia sauti, akafurahi, akaanza kutambaa mbio anacheka, anaelekea mlango wa mbele. Piaget aliliona hilo pia, watoto wa umri huu kitu wanakitafuta pale walipokipata mara ya mwisho hata kama kimehamishwa mbele ya macho yao. Akafika mlangoni, akaupiga kwa kiganja mara mbili, akasubiri.