Kiwango cha takrolimasi kuwa sawa hakuiondolei dawa lawama

Mgonjwa yuko siku ya kumi tangu apandikizwe ini. Mikono inatetemeka, usingizi hapati, na tangu jana maneno yake hayaungani. Anameza takrolimasi, dawa inayoshusha kinga ili mwili usilikatae ini hilo, na kwenye faili mtu ameandika kiwango chake katika damu: "Takrolimasi 8, iko sawa, si dawa." Sentensi hii nimeisoma mara nyingi mno, na inawaumiza wagonjwa.

Nanogramu 8 kwa mililita ni kiwango cha kuzuia ini lisikataliwe. Hakuna aliyetuahidi kwamba kinaulinda ubongo. Wengi wanaopata madhara ya neva kutokana na takrolimasi au siklosporini, dawa ya kundi hilohilo, wana kiwango kilicho ndani ya mipaka.

Kwanza, tunapima nini? Damu inachukuliwa asubuhi kabla ya dozi, saa 12 baada ya ile ya jioni, dawa ikiwa chini kabisa. Kilele huja saa moja hadi tatu baada ya kumeza, na kipimo hicho hakikioni. Muulize mgonjwa anatetemeka zaidi saa ngapi. Akisema ni muda mfupi baada ya vidonge, amekupa taarifa ambayo maabara haina.

Pili, na hapa ndipo watu wanaponichosha: tunapima damu nzima, na sehemu kubwa ya takrolimasi imejificha ndani ya chembe nyekundu. Inayofanya kazi, na inayodhuru, ni ile iliyo huru. Baada ya upasuaji hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 25 ni jambo la kawaida. Chembe zikiwa chache, kiwango cha damu nzima kinashuka hata kama dawa huru haijapungua. Daktari anaona 5, anapandisha dozi ili afike 8, na kwa kufanya hivyo anaongeza ile sehemu huru. Karatasi inapendeza, mgonjwa anaanza degedege. Albumini, protini ya damu inayoshika dawa, ikiwa chini, hali ni mbaya zaidi. Dawa huru haipimwi katika huduma ya kila siku, kwa hiyo lazima hematokriti isomwe pamoja na kiwango, kila mara.

Tatu, magnesiamu. Dawa hizi huifanya figo iimwage kwenye mkojo, na omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, inaongezea upungufu huo. Ikiwa chini ya 0.7 milimoli kwa lita, irudishe kabla ya kubishana kuhusu kitu kingine.

Mwambie mgonjwa anyooshe mikono, viganja vikiangalia chini. Mtetemeko wa takrolimasi ni mwembamba na wa haraka, unazidi akishika kikombe au kalamu. Kisha akunje viganja kwenda juu kama anayesimamisha gari: vikidondoka ghafla na kurudi, fikiria ini au figo kushindwa kazi. Visababishi vingine navyo vitafutwe: sodiamu iliyopandishwa haraka mno, antibiotiki ya sefepimu kwenye figo dhaifu, na maambukizi ya ubongo ya kuvu wa kriptokoka au bakteria wa listeria. Shinikizo la damu likiwa juu, na kuna maumivu ya kichwa, degedege au kutoona vizuri, omba MRI. CT inaweza kutoonyesha uvimbe wa PRES, yaani uvimbe wa ubongo, hasa sehemu ya nyuma, ambao dawa hizi zinaweza kuuleta.

Hakuna kipimo kinachothibitisha kwamba ni dawa. Tunapunguza dozi, tunarudisha magnesiamu, tunashusha shinikizo, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mgonjwa akipona, hatuwezi kuapa ni kipi kilichomponya. Naona hilo ni afadhali kuliko kusubiri. Ini lisiachwe bila ulinzi dhidi ya kukataliwa: mikofenolati na steroidi, dawa nyingine za kushusha kinga, zishikilie. Ukihamia siklosporini, pitisha saa 24 baada ya dozi ya mwisho ya takrolimasi. Everolimasi, nyingine ya kushusha kinga, isianzishwe ndani ya siku 30 za mwanzo, kwa sababu ya hatari ya mshipa wa ini kuziba. Kwa degedege tumia levetirasetamu, dozi ikifuata figo. Fenitoini na karbamazepini, dawa nyingine za degedege, zitaangusha takrolimasi.

Kwa wanaowafuatilia hapa Afrika Mashariki wagonjwa waliopandikizwa India: klarithromisini (antibiotiki), flukonazoli (dawa ya kuvu) na ritonaviri (dawa ya VVU) hupandisha takrolimasi, balungi pia. Kuharisha nako huipandisha, ingawa wengi hudhani kutaishusha, basi usiongeze dozi kwa kukisia. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha sana, na dozi hupandishwa kuifidia. Matibabu ya kifua kikuu yakiisha, nguvu hiyo ya rifampisini hupotea ndani ya takriban wiki mbili. Pima kiwango mara mbili kwa wiki kipindi hicho, na ushushe dozi hatua kwa hatua.