Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Mafunzo ya Kufuma kwa Anayeanza

Dhana: Video zinatosha, vitabu vimepitwa na wakati.

Video hukishinda kitabu katika kuonyesha mwendo wa mikono, hasa pale uzi unapozungushwa kwenye sindano na kuvutwa ndani ya kitanzi. Hata hivyo, inayomfaa anayeanza ni ile iliyopigwa kutoka begani kwa mfumaji, kwa kuwa humwonyesha mikono kama atakavyoiona yake mwenyewe. Iliyopigwa kwa mbele humgeuzia kulia na kushoto, naye akajiona mzito wa kuelewa bure. Kitabu nacho kina faida yake, kwani mchoro wa kitanzi kilichokaa sawa kando ya kilichopinda unaweza kulinganishwa na kazi iliyo mkononi kwa muda wowote utakaohitajika.

Dhana: Kuna njia moja tu sahihi ya kushika uzi.

Wanaofuata mtindo wa Kiingereza hushika uzi kwa mkono wa kulia, na wanaofuata ule wa Ulaya bara huushika kwa wa kushoto, lakini kitambaa kinachotoka ni kile kile. Ni busara kubaki na mwalimu mmoja hadi mikono izoee.

Dhana: Namba ya sindano ni ile ile popote.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi bila kujua sababu. Sindano namba 8 ya Marekani ina unene wa milimita 5, ilhali namba 8 katika vipimo vya zamani vya Uingereza ni milimita 4. Tena, namba za Marekani hupanda kadiri sindano inavyonenepa, na zile za Uingereza hushuka. Mwongozo usiotaja milimita, wala idadi ya vitanzi vinavyotarajiwa katika sentimita 10 za kitambaa, humwacha msomaji akibahatisha, hata kama picha zake zinavutia kiasi gani.

Dhana: Cha bure hakina ubora.

Tovuti ya wafumaji iitwayo Ravelry, iliyoanzishwa mwaka 2007, haitozi ada ya kujiunga, na ina ruwaza (yaani maelekezo ya kufuma kitu fulani) nyingi za bure zinazoweza kuchujwa kwa kiwango cha ugumu. Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, ni picha na maelezo ya watu waliokwisha kuifuma ruwaza hiyo hiyo, kwa sababu hao husema wazi ni mstari gani uliowatatiza.

Dhana: Chanzo bora ni chenye ruwaza nyingi.

Anayeanza huhitaji zaidi kufundishwa kuisoma kazi yake na kuirekebisha: kutambua kwamba kitanzi cha mbele na cha nyuma ni kitanzi kimoja kinachotazamwa pande mbili, na kukipandisha kilichodondoka kwa sindano ya kroshia. Kipimo kizuri cha mwongozo ni jinsi unavyoshughulikia kosa moja la kawaida sana, yaani vitanzi kuongezeka pasipo kukusudia. Mara nyingi hutokea mwanzoni mwa mstari, uzi unapovutwa juu ya sindano hadi kitanzi cha kwanza kikaonekana kama viwili, na mfumaji akavifuma vyote. Mwongozo unaoeleza kosa hili na namna ya kulizuia, yaani kuurudisha uzi chini kabla ya kuanza mstari, umeandikwa na mtu anayewajua wanaoanza.