Hajawahi kuchagua kitu, leo anaambiwa achague kombi

Mi ni mwalimu wa bayolojia sekondari na nimepewa pia dawati la unasihi, kwa hiyo selform za kidato cha nne, zile fomu za kuchagua kombi (masomo matatu ya kidato cha tano na sita), zinapita mikononi mwangu kila mwaka. Namuuliza mwanafunzi kwa nini PCB (fizikia, kemia, bayolojia)? "Baba kasema." Mwingine kajaza HGL (historia, jiografia, Kiingereza) sababu shoga yake kajaza HGL. Mwaka jana binti mmoja alikuja na fomu haina hata herufi, ananiambia mwalimu we niandikie tu.

Nikacheka, baadae nikaona kosa sio lake. Huyu toka la kwanza anapangiwa akae wapi, anakili nini ubaoni, nywele anyoeje, halafu ghafla tunamwekea fomu mbele. Na 2024 tahasusi, yaani hizo kombi, zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, mi nimefurahi kweli, ila mtu hajawahi kushika menyu ukimpa yenye kurasa kumi ataagiza chipsi mayai tu. Matokeo yakitoka kuna nafasi ya kubadilisha kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia shule), na hapo napo wengi anayewabadilishia ni kijana wa steshenari.

Basi nikaanza mapema, kidato cha pili, mada ya moyo na damu. Nikaweka kazi tatu: chora moyo uweke majina, au mweleze mwenzako damu inapita wapi na wapi, au pima mapigo kabla na baada ya kukimbia uwanjani utengeneze jedwali. Chagua moja, na uandike mstari mmoja kwa nini. Darasa kimyaa. Monita akanyoosha mkono: "Mwalimu, ipi itakuja kwenye mtihani?" 😂 Karibu wote wakachora.

Wiki ya tatu ndo nikaanza kuona kitu. Kuna kijana haongeagi kabisa, kachukua ya kukimbia, jedwali lake linaonyesha mapigo baada ya kukimbia ni machache kuliko kabla. Sikusema kitu. Kakaa analiangalia weee, mwishoni kaja mwenyewe: alikaa kivulini kunywa maji kwanza ndo akahesabu, anaomba kurudia. Kwa kazi niliyompangia mimi angesubiri nimwekee mkasi wa kukosa basi.

Sisemi wachague kila kitu, mtihani wa NECTA (baraza la mitihani) haukusubiri na silabasi lazima iishe. Mada napanga mimi, njia wanachagua wao, na zisizidi tatu maana zikiwa nyingi inakuwa kelele tu. Ule mstari wa "kwa nini" usiuache hata wakilalamika, ndo wenyewe huo.

Mwaka huu mstari huo nimeuhamishia kwenye selform, kila fomu inakuja na kikaratasi. Mmoja aliyechagua CBG (kemia, bayolojia, jiografia) kaandika: CBG, napenda ramani kuliko mahesabu. Baba mtu kaja Jumatatu anataka PCM (fizikia, kemia, hisabati), tumekaa saa nzima na kile kikaratasi mezani, kakisoma mara mbili, kaomba aende nacho nyumbani.