Carmen ya asili ipi?

Jana usiku tena. Onyesho letu jipya la Carmen, opera ya Mfaransa Georges Bizet, limekwisha, natoka mlango wa nyuma na noti zangu za muziki kwapani, bwana mmoja ananisimamisha: "Mmeiharibu. Opera ni kuimba, Bizet hakuandika watu wapige soga jukwaani." Mimi ndiye mpiga piano wa mazoezi, na neno hilo nimechoka kulisikia.

Bizet aliandika hivyo hivyo! Tarehe 3 Machi 1875, pale Opéra-Comique, Paris, Carmen ilifunguliwa kwa nyimbo na mazungumzo ya kusemwa, ndiyo desturi ya jumba lile. Tarehe 3 Juni Bizet akafariki, ana miaka 36. Resitativu za kwenye santuri za zamani, yaani maneno yanayoimbwa kama kusemwa badala ya mazungumzo yale, alizitunga rafiki yake, Ernest Guiraud, baada ya msiba, kwa ajili ya Vienna.

Na mazungumzo yenyewe si ya kujazia nafasi. Sehemu ya kwanza, kabla kengele ya kiwanda cha sigara haijalia, José, yule askari atakayempenda Carmen, anamweleza Zuniga, ofisa wake, alikotoka. Ni mtu wa Navarra, kaskazini mwa Hispania, kwao walitaka awe padri, yeye akanogewa na mchezo wa mpira. Siku moja ameshinda, kijana wa Alava, jimbo jirani, akamchokoza. Akamshinda na huyo pia, ikambidi aihame nchi. Ndipo akaingia jeshini. Maneno machache tu, wala Guiraud hakuyatia kwenye resitativu zake. Yaondoe, José anabaki kijana mpole wa mama yake aliyeponzwa na mwanamke. Yarudishe, unamwona mtu aliyekwisha kukimbia kwao kwa ugomvi kabla hajamtia Carmen machoni. Hapo piano hainyanyui sauti. Naweka mikono mapajani, namsikiliza tena mtenori wetu, mwimbaji wa José, akilitamka lile "ikabidi niondoke" upesi upesi, kama mtu anayefunika kitu, na kile kisu cha mwisho, anachomuulia Carmen nje ya uwanja wa mafahali, nakiona tayari.

Ukitaka kugombana na waongozaji wa siku hizi, zipo sababu. Mwaka 2018, Florence, Italia, Carmen alimpiga José risasi badala ya Carmen kuuawa. Hilo limebadilisha kisa, tubishane. Mazungumzo hayajabadilisha chochote.

Langu la kunikosesha usingizi ni jingine. Toleo la noti za opera hii lililohaririwa na Fritz Oeser, la 1964, lilirudisha mazungumzo, likarudisha pia vipande vya muziki ambavyo Bizet mwenyewe alivikata mazoezini. Alivikata kwa kuridhika, au kwa kuchoshwa na kwaya iliyolalamika kwamba haiimbiki? Sisi tumerudisha kimoja. Kila nikikipiga nakiona kizuri, na kila nikimaliza najiuliza kama angetuachia.