Karata, Karatasi na Kopa: Maneno Yafananayo Yametoka Wapi?

Wazee wanaocheza karata jioni pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, hutamka maneno ya Kireno kila wanapotupa karata chini, na wengi wao hawana habari kwamba ni ya Kireno. Shupaza ni espadas, yaani panga. Uru ni ouros, yaani dhahabu. Pau ni paus, yaani magongo. Kopa nayo, ingawa picha yake ni moyo, imetokana na copas, yaani vikombe, kwa kuwa karata za kale za Ureno zilichorwa vikombe mahali ambapo za leo zina mioyo. Hata turufu ni trunfo. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno wakawa na nguvu katika pwani hii hadi Ngome ya Yesu, kule Mombasa, ilipowatoka mikononi mwaka 1698. Wenyewe waliondoka, majina ya karata yakabaki barazani.

Mtu huweza kudhani kwamba kopa hiyo ndiyo kukopa kwa dukani, hasa akikumbuka madeni ya wacheza kamari. Sivyo. Kukopa ni kitenzi cha Kibantu, na sauti zimekutana kwa bahati tu. Jamaa wa kweli wa kopa ni kopo, hili hili tunalochotea maji pipani, kwa maana limetokana na copo, neno la Kireno la chombo cha kunywea.

Jozi inayonivutia zaidi ni karata na karatasi. Ni rahisi kuamini kwamba karata ni karatasi iliyokatwa mkia, maana karata hutengenezwa kwa karatasi. Lakini karatasi ni qirtas ya Kiarabu, neno ambalo kila aliyesoma Sura ya Al-An'am, aya ya 7, amelipitia; karata imetokana na carta ya Kireno, ambayo asili yake ni charta ya Kilatini. Ukizifuata njia hizo mbili hadi mwisho, zinakutana kwa Wagiriki, katika khartes, ukurasa wa mafunjo wa kuandikia. Kwa hiyo hayo si mzazi na mwana, bali ni binamu waliopitia nchi mbalimbali kabla ya kukutana tena Uswahilini, na kadi, tuliyoipata kwa Waingereza, ni binamu wa tatu.

Pesa na peso ya Kihispania hazina udugu huo: pesa ni paisa ya Kihindi, na peso maana yake ya asili ni uzito.

Ndiyo maana sisi tunaokusanya msamiati wa Kiamu, lahaja ya Lamu, hatutosheki na sauti pekee; tunauliza pia neno lilikuja na kitu gani na kwa mkono wa nani. Wenye kujua majina mengine ya karata yanayotumika Pate, Siyu na Faza tunawaomba watufikishie, kwa matamshi yale yale ya barazani.