Mazingira ya huduma maana yake nini?

Ukitaja "mazingira ya huduma", wengi hufikiria jengo: rangi ya ukuta, usafi wa choo, viti vya kungojea. Hayo yamo, lakini ni sehemu ndogo. Mazingira ya huduma ni yote yanayomzunguka mgonjwa anapotibiwa: kitanda kimewekwa wapi, pazia lipo au halipo, nani anaruhusiwa kukaa naye, nesi anamwitaje, anaelezwa yeye au anazungumziwa tu huku akisikia. Daktari anaweza kuwa yuleyule na dawa ileile, lakini haya yakibadilika, mgonjwa naye hupona tofauti.

Wodi ya njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, inalionyesha hili vizuri. Katika mpangilio uliozoeleka, mtoto huwekwa kwenye mashine ya joto chumba kimoja, mama analazwa kwingine. Kila baada ya saa chache anaitwa: anavua kandambili mlangoni, ananawa, anakamua maziwa kwenye kikombe, anamtazama mwanawe kupitia kioo, anarudi. Amekuwa mgeni wa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,200 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Kundi moja lilianza huduma ya kangaroo, yaani mtoto kukaa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa; jingine lilisubiri mpaka hali ya mtoto itulie. Ili hilo la kwanza liwezekane, ilibidi wodi zenyewe zipangwe upya: kitanda cha mama kiingie ndani ya chumba cha uangalizi maalumu. Katika siku 28 za mwanzo, waliofariki walikuwa asilimia 12 kwenye kundi la mapema na asilimia 15.7 kwenye lililosubiri. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa faida ilikuwa imeshaonekana.

Jinsi huduma ya kangaroo inavyofanya kazi ni wazi ukimwona mama mwenyewe. Mtoto ana nepi, kofia na soksi tu, amelazwa wima katikati ya matiti, khanga imemshika barabara. Joto analipata kwenye ngozi, maziwa yapo karibu, hapiti mikono mingi yenye vijidudu vya hospitali. Pumzi ikikatika, mama ndiye wa kwanza kuihisi. Tangu 2022 WHO inapendekeza njiti waanze hivyo mara moja, lakini wodi isiyo na nafasi ya kitanda cha mama haiwezi kulitekeleza pendekezo hilo, hata wahudumu wake wawe hodari kiasi gani.

Kauli nayo ni mazingira. Mama aliyefokewa akiwa na uchungu, mbele ya wenzake, hayasahau maneno yale. Mimba inayofuata huchelewa kwenda hospitali, au haendi kabisa, na akianza kutokwa damu nyingi yuko nyumbani, mbali na wa kumsaidia.