Je, wajua kwa nini kijana aliyekuja hospitalini na maumivu ya tumbo huulizwa kama ametamani kufa?

Mtu akifika urjansi, maana ndivyo tunavyoiita hapa Bukavu idara ya dharura ya hospitali, huulizwa kinachomuuma, kilianza lini, na kama ana homa. Katika hospitali nyingi za Marekani kijana huongezewa swali jingine, hata kama ameletwa kwa mkono uliovunjika uwanjani: je, katika wiki chache zilizopita umetamani kufa? Mzazi wa mitaa yetu ya Kadutu au Bagira akilisikia swali hilo anaweza kushtuka na kudhani kwamba mwuguzi anamtabiria mwanawe mabaya.

Sababu yake ilipatikana kwa kuhesabu. Mwaka 2012 watafiti walioongozwa na Lisa Horowitz, wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 524 wenye umri wa miaka 10 hadi 21 waliofika katika idara za dharura za hospitali 3 za watoto. Kati yao, 344 walikuwa wameletwa na maradhi ya mwili tu, na bado 14 katika hao, yaani karibu mmoja kwa kila 25, walikutwa katika hatari ya kujiua. Kama wangetibiwa tumbo au jeraha peke yake wangerudi nyumbani na siri yao, kwa sababu kijana mwenye mzigo wa namna hiyo mara nyingi hausemi mpaka aulizwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 hiki ni chanzo cha 3 cha vifo.

Watafiti hao waliteua maswali 4, nayo huitwa ASQ. La kwanza ni hilo la kutamani kufa. La pili, kama kijana ameona kwamba yeye au familia yake wangekuwa na nafuu kama angekufa. La tatu, kama katika wiki iliyopita amefikiria kujiua. La nne, kama amewahi kujaribu. Maswali yote huchukua chini ya dakika moja. Katika utafiti ule yaliwanasa karibu 97 kati ya kila vijana 100 waliokuwa katika hatari, ingawa yaliwagusa pia karibu 12 kati ya kila 100 ambao hawakuwa katika hatari. Mimi naona kasoro hiyo inavumilika, kwa kuwa aliyeguswa bure hupoteza dakika chache tu za mazungumzo.

Hofu kubwa ya wazazi ni kwamba swali litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Mwaka 2005 Madelyn Gould na wenzake walilipima jambo hilo kwa wanafunzi 2,342 wa shule 6 za sekondari katika jimbo la New York. Waliohojiwa kuhusu kujiua hawakusononeka kuliko wenzao ambao hawakuhojiwa, na wale waliokuwa tayari na huzuni nzito walielekea kupata nafuu kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa mhGAP, ulioandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa wa magonjwa ya akili, nao unasema kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujidhuru.

Linalohitaji uangalifu zaidi, kwetu tunaosema Kiswahili, ni maneno yenyewe. Ukimwuliza kijana kama amechoka, yule aliyepanda kwa miguu kutoka mtaa wa Panzi atakujibu kwamba ndiyo, amechoka. Ukimwuliza kama ana mawazo, atakuwa nayo kweli, lakini huenda ni ya karo ya shule au ya ndugu aliyebaki kijijini kwenye vita. Kwa hiyo mwuguzi hana budi kulitamka neno lenyewe, kufa na kujiua, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona na bila kukunja uso.

Wala haulizi mbele ya wazazi. Humwambia mama aliyeketi kando ya kitanda: «Mama, tunaomba utuachie mtoto kidogo, ndivyo tunavyofanya kwa watoto wote.» Maneno ya mwisho ni ya lazima, kwa kuwa humwondolea mama hofu kwamba mwanawe ametiliwa shaka.

Kijana akijibu ndiyo kwa swali lolote, huulizwa la tano: je, unafikiria kujiua sasa hivi? Akikubali, haachwi peke yake hata dakika moja, vitu vinavyoweza kumdhuru huondolewa karibu naye, na mtaalamu huitwa. Akikataa, mhudumu aliyefunzwa huketi naye kwa muda mfupi kujua uzito wa jambo, kisha hupanga pamoja naye na wazazi kijana atampigia nani simu usiku moyo ukizidiwa, na namna dawa na sumu zote za nyumbani zitakavyofungiwa. Wengi wa hawa hawalazwi. Hapa Bukavu tuna SOSAME, kituo kinachowahudumia wenye magonjwa ya akili, lakini mlango wa kwanza unaweza kuwa kituo cha afya cha mtaani. Mzazi aliyesikia maneno kama hayo nyumbani amshike mtoto mkono waende pamoja siku ileile, na njiani asimkaripie.